Bloku ya Neva Isipotuliza Maumivu ya Upasuaji wa Kifua: Anza na Mkao wa Mgonjwa

Mgonjwa aliyefunguliwa kifua akashindwa kukohoa kwa sababu ya maumivu yumo hatarini hata kama anaonekana ametulia kitandani. Makohozi hubaki ndani, sehemu za chini za mapafu husinyaa, na nimonia hupata nafasi. Kwa hiyo bloku, yaani dawa ya ganzi inayochomwa karibu na neva ili kuzuia maumivu, ikifanya kazi nusunusu haimtoshi, na anayemhudumia hana budi kutafuta chanzo cha kasoro badala ya kuridhika kwamba sindano ilishachomwa. Wengi wetu hukimbilia dawa: iongezwe, irudiwe, ibadilishwe. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Kabla ya kuongeza mililita yoyote, ni vyema kuuliza mgonjwa alikuwa katika mkao gani katika nyakati tatu: sindano ilipokuwa inaingia, upasuaji ulipokuwa unaendelea, na maumivu yanapopimwa. Kasoro nyingi zinazoandikwa kuwa "bloku imeshindwa" hupata maelezo katika mojawapo ya nyakati hizo.

Bloku zinazohusika hapa ni epidurali ya kifua (dawa huwekwa nje kidogo ya utando unaofunika uti wa mgongo), bloku ya paravetebrali (kando ya pingili, neva zinapotokea), bloku za neva za kati ya mbavu, na zile mbili changa zinazopitisha dawa kati ya tabaka za misuli: ya serato (msuli wa pembeni mwa kifua), iliyoelezwa na Blanco na wenzake mwaka 2013, na ya erekta spina (misuli inayousimamisha mgongo), iliyoelezwa na Forero na wenzake mwaka 2016. Kila moja ina njia yake ya kuathiriwa na mkao, na ndiyo sababu jibu la swali moja haliwezi kuhamishiwa bloku nyingine bila kufikiri.

Kabla ya kuilaumu bloku

Maumivu mapya yanayokuja ghafla na kwa ukali, yakiambatana na mapigo ya moyo kwenda mbio, pumzi kukatika, oksijeni kushuka au presha kuanguka, hayahesabiwi kuwa ya bloku mpaka hatari nyingine zimeondolewa: damu inayovuja kifuani, hewa iliyojaa upande mmoja, bomba la kifua lililoziba, au tatizo la moyo lenyewe. Liangaliwe bomba lote kuanzia linapotoka mwilini hadi kwenye chupa. Mgonjwa aliyegeuzwa vibaya huweza kulilalia bomba lake likapindika chini ya mbavu, na maumivu yakaongezeka kwa sababu isiyohusiana na neva kabisa.

Hapo ndipo ramani ya ganzi ipimwe. Kipande cha barafu au pamba yenye spiriti hupitishwa kwenye ngozi, kikilinganishwa upande uliopasuliwa na ule mzima. Chuchu iko usawa wa T4 (T ni kifua, na namba ni ya pingili na neva yake), ncha ya chini ya mfupa wa kidari usawa wa T6, na kitovu usawa wa T10. Mipaka ichorwe kwa kalamu juu ya ngozi ili zamu inayofuata ianze pale mliposimamia. Kosa linalojirudia ni kumpima mgonjwa akiwa amelala chali, kifua cha mbele peke yake, ilhali mkato mkubwa uko nyuma, karibu na mfupa bapa wa bega. Mgonjwa ageuzwe kidogo, mgongo nao upimwe. Apimwe akiwa ametulia, kisha apimwe akikohoa, kwa maana mgonjwa anayesema hana maumivu akiwa hajatikisika bado hajajibu swali lenye uzito. Kwa bloku ya erekta spina kuna angalizo: ramani yake ya baridi mara nyingi huwa na viraka na hailingani sawasawa na nafuu aipatayo mgonjwa, hivyo kikohozi ni kipimo cha kuaminika zaidi kuliko barafu.

Dalili: sindano inagonga mfupa kila inapoelekezwa, au picha ya ultrasaundi haisomeki

Ikiwa mgonjwa amelala ubavu, tazama kwanza bega la juu. Bega hilo huelemea mbele, na linapoelemea huuzungusha uti wa mgongo pamoja nalo, hata vichomozo vya pembeni vya pingili vikawa havikutazami tena kama unavyotarajia. Unaamini sindano inakwenda wima kumbe inaelekea kando. Mto kifuani wa kukumbatia, na msaidizi anayelishika bega na nyonga hadi vyote viwili visimame wima juu ya kitanda, hutatua tatizo hili mara nyingi kuliko kubadilisha sindano. Jambo la pili ni godoro. Godoro laini huuachia uti wa mgongo ubonyee katikati, na kwa mtu mwenye nyonga pana kuliko mabega mgongo huinamia kichwani.

Jambo la tatu linawahusu wagonjwa wanene. Wakilala ubavu, nyama na mafuta ya mgongoni huning'inia kuelekea upande wa chini, na ule mfereji wa ngozi unaodhaniwa kuwa katikati ya mgongo unakuwa umeshuka chini ya mstari wa kweli wa mifupa. Anayefuata ngozi ataanza chini ya katikati. Ultrasaundi iliyowekwa kukingama mgongo huonyesha kichomozo cha nyuma kilipo, na alama ichorwe hapo, si kwenye mfereji. Iwapo ultrasaundi haipo, kukaa ni mkao unaosamehe zaidi kwa mtu mnene, mradi hana kizunguzungu na presha yake inavumilia.

Mgonjwa aliyekaa naye ana matatizo yake. Mwenye mbavu zilizovunjika hujikunja kuelekea upande unaouma, na mgongo wake hupinda kama upinde bila yeye kujua. Kumwamrisha akae wima hakusaidii ikiwa maumivu ndiyo yanayomkunja. Apewe kwanza dawa ya maumivu ya mshipa kwa kiasi kidogo, miguu yake iwekwe juu ya kigoda, na mikono juu ya meza iliyo mbele yake, yote miwili kwa kimo kimoja.

Kwa bloku ya erekta spina, picha inayochanganya zaidi ni ile ya ubavu unaodhaniwa kuwa kichomozo cha pembeni. Kichomozo huonekana kipana chenye kichwa bapa, wakati ubavu ni wa mviringo na mwembamba, na kati ya ubavu mmoja na mwingine pleura, yaani utando unaofunika pafu, huonekana kwa uwazi iking'aa na kuteleza pamoja na pumzi. Ukiiona pleura kwa uzuri kiasi hicho, umekwenda nje mno. Sogeza kichwa cha mashine kuelekea katikati.

Bloku ya serato huzuiwa na mkono zaidi ya kitu kingine. Mkono ukibaki umelala ubavuni, kwapa hufungwa na kichwa cha mashine hakikai. Mgonjwa alale chali na mkono uliotanuliwa, au alale ubavu upande unaopasuliwa ukiwa juu na mkono umepelekwa mbele ya uso. Kama ngozi imejaa hewa baada ya upasuaji, picha haitapatikana kwa mkao wowote. Usipoteze muda, chagua bloku nyingine.

Dalili: ganzi ipo, lakini haifiki penye mkato

Hili ndilo tatizo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko yote, kwa sababu huonekana kama upungufu wa dawa ilhali ni kosa la kuhesabu. Tulifundishwa kwamba ncha ya chini ya mfupa bapa wa bega iko usawa wa pingili ya saba ya kifua. Kipimo hicho hudhani kwamba mikono imeshuka pembeni. Mgonjwa anayeandaliwa kwa bloku huwa amekumbatia mto au ameegemea meza, na mikono ikienda mbele mfupa huo huzunguka, ncha yake ikatoka nje na kupanda. Mstari uliochorwa kutoka kwenye ncha hiyo hauishii tena kwenye T7. Hata mikono ikiwa imetulia, alama za juu ya ngozi zinaweza kukosea kwa pingili moja au mbili, na bloku ya erekta spina au ya paravetebrali iliyokusudiwa T5 ikawa imewekwa T3. Mgonjwa atakuwa na ganzi nzuri juu ya titi, na atakohoa kwa uchungu kwa sababu ya bomba lililo chini.

Tiba yake ni kuhesabu mifupa kwa ultrasaundi, ukianzia ubavu wa kwanza kwenda chini au ubavu wa kumi na mbili kwenda juu, na kuhesabu baada ya mgonjwa kukaa katika mkao wa mwisho, si kabla. Mahali ambapo hakuna ultrasaundi, mikono ishushwe pembeni, alama ichorwe, kisha mgonjwa aruhusiwe kukumbatia mto. Ngozi husogea kidogo juu ya mifupa, lakini kosa hilo ni dogo kuliko lile la kwanza.

Wakati mwingine hesabu ilikuwa sahihi, ila bloku yenyewe haikuchaguliwa kwa mkato uliofanyika. Serato hufikia matawi ya pembeni ya neva za kati ya mbavu, na kwa hiyo hutuliza upande na sehemu ya mbele ya pembeni. Haitegemewi kwa mkato unaofika nyuma karibu na uti wa mgongo, wala kwa mfupa wa kidari, ambao hupata matawi ya mbele na huhitaji bloku ya kando ya mfupa huo. Bomba la kifua nalo lipewe hesabu yake: mkato ukiwa nafasi ya tano kati ya mbavu na bomba likatokea nafasi ya saba au ya nane, sindano moja ya paravetebrali kwenye T5 huenda isifike huko. Muulize daktari mpasuaji mabomba yatatokea wapi kabla ya kuanza. Swali hilo huchukua nusu dakika.

Dalili: bloku ilishika vizuri, kisha ikapotea baada ya mgonjwa kugeuzwa

Hapa mshukiwa wa kwanza ni katheta, mrija mwembamba unaoachwa ndani ili kuendelea kupitisha dawa. Epidurali nyingi huwekwa mgonjwa akiwa amekaa na kuinama. Mgongo ulioinama huivuta ngozi na kupunguza umbali kati yake na nafasi ya epidurali. Mgonjwa anaponyooka, na zaidi anapolala ubavu kwa ajili ya upasuaji, nyama za mgongo hulegea na umbali huo huongezeka. Kwa mtu mnene badiliko linaweza kufika sentimita moja au zaidi. Ikiwa katheta iligandishwa kwenye ngozi kwa plasta akiwa bado ameinama, ngozi itaivuta nje kila anaponyooka, na ncha iliyokuwa mahali pake itatoka bila mtu yeyote kuigusa.

Utaratibu unaozuia jambo hili ni rahisi na hauhitaji kifaa. Katheta ikishapita na sindano ikishatolewa, mwambie mgonjwa aketi wima au alale ubavu, na utazame alama za sentimita kwenye katheta pale inapoingia ngozini. Mara nyingi utaziona alama zikizama ndani, kana kwamba katheta inavutwa na mwili, kumbe ni ngozi inayosogea juu yake. Ikishatulia ndipo plasta ibandikwe. Namba iliyosomwa baada ya kunyooka ndiyo inayoandikwa kwenye faili, kwa sababu namba iliyosomwa akiwa ameinama haitamsaidia atakayeichunguza usiku.

Mgonjwa akishafika wodini na ganzi imepotea, soma namba hiyo upya kabla ya kusukuma dawa. Ikiwa alama zimetoka sana hata urefu uliobaki ndani ya nafasi hautoshi, katheta hiyo haisukumwi irudi ndani. Huondolewa, baada ya kuthibitisha kwamba dawa za kuzuia damu kuganda hazimweki hatarini, na mpango mwingine hutengenezwa. Ikiwa alama ziko pale pale, kagua maungio, chujio na mahali anapolalia: mgonjwa wa kifua hulalia mgongo ulioinuliwa kwa saa nyingi, na katheta iliyopinda chini yake hutosha kuisimamisha pampu.

Katheta ya serato au ya kati ya mbavu ina adui mwingine, naye ni mkato wenyewe. Mpasuaji akipita katika tabaka lile lile, dawa humwagika jerahani au katheta husogezwa. Katika upasuaji wa namna hiyo ni bora kukubaliana mapema kwamba katheta iwekwe mwishoni, kabla mgonjwa hajarudishwa chali.

Je, mgonjwa alazwe upande fulani ili dawa "ishuke"?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake hutegemea kama dawa iko ndani ya majimaji au la. Katika sindano ya uti wa mgongo, dawa ya ganzi ya bupivakaini nzito iliyochanganywa na glukosi huzama ndani ya maji ya uti wa mgongo, na mkao wa dakika za mwanzo huamua ganzi ifike wapi. Nafasi ya paravetebrali na tabaka za misuli hazina majimaji ya kuzamia. Huko dawa husambaa kwa nguvu ya msukumo, kwa wingi wake, na kwa upinzani wa tishu zinazoizunguka. Hata kwenye epidurali athari ya mlalo ni ndogo. Kwa maoni yangu, kumgeuzageuza mgonjwa mwenye maumivu kwa matumaini kwamba dawa itafika penye mkato ni kumtesa bure. Kinachohitajika zaidi ni subira ya dakika 20 hadi 30 kabla ya kutoa hukumu, na kama hukumu ni mbaya, kurudi kwenye hesabu ya pingili.

Dalili: kifua kimetulia, bega ndilo linalouma

Wagonjwa wengi wa upasuaji wa kifua huamka na maumivu ya bega la upande uliopasuliwa, hata epidurali ikiwa inafanya kazi vizuri kabisa. Kumwongezea dawa ya epidurali mgonjwa huyu kutamshusha presha na kumwacha na bega lake. Vyanzo vikuu ni viwili, na vidole vyako vinaweza kuvitofautisha. Cha kwanza ni maumivu yanayosafirishwa na neva ya freniki, ambayo asili yake ni shingoni, C3 hadi C5 (neva ya tatu hadi ya tano ya shingo), juu ya eneo la bloku ya kifua. Neva hii hubeba hisia za pleura ya katikati, ya kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) na za mfuko wa moyo, na ubongo huzisoma kama maumivu ya bega. Mgonjwa huyaeleza kuwa mazito na ya ndani, juu ya bega, na ukibonyeza hapo hasemi yameongezeka. Wakati mwingine ncha ya bomba la kifua ndiyo inayochokoza, na kulivuta kidogo baada ya picha ya eksirei hutosha.

Chanzo cha pili ni mkao wa mezani. Mkono wa juu uliovutwa mbele na juu kwa saa kadhaa hunyoosha kiungo cha bega na misuli yake. Maumivu haya huongezeka mkono unaposogezwa, na ukibonyeza misuli mgonjwa hushtuka. Kwa aina zote mbili, parasetamoli na dawa za jamii ya dikilofenaki husaidia, ikiwa figo na tumbo vinaruhusu. Bloku ya shingoni ya intaskalini huliondoa bega kwenye maumivu, lakini huilemaza neva ya freniki ya upande huo na nusu ya kiwambo pamoja nayo. Kwa mtu aliyeondolewa sehemu ya pafu nisingeichagua.

Dalili: mkono una ganzi au hauna nguvu

Ganzi ya upande wa ndani wa mkono, ikiambatana na kope kuanguka na mboni kusinyaa upande huo huo, huashiria dawa iliyopanda hadi T1 na neva za simpathetiki, zile zinazoongoza mboni na mishipa ya damu bila hiari. Hali hii huisha dawa inapoisha. Bega linalobenuka nyuma baada ya serato huashiria neva ndefu ya kifua iliyolowa dawa, nalo hupita.

Udhaifu usiopita baada ya muda wa dawa kwisha ndio unaotia wasiwasi, kwani unaweza kuwa jeraha la mkao. Mkono wa juu hautakiwi kutanuliwa kupita nyuzi 90. Chini, kile kinachoitwa mto wa kwapa hakikai kwapani: huwekwa chini ya mbavu, upana wa vidole kadhaa chini ya kwapa, ili uzito wa kifua usiukandamize mtandao wa neva za mkono. Mapigo ya kifundo cha mkono wa chini yapapaswe baada ya mgonjwa kugeuzwa, na yapapaswe tena meza ikikunjwa. Kiwiko kiwekewe kitambaa laini kwa ajili ya neva ya ulna. Bloku nzuri huficha jeraha la namna hii kwa saa nyingi, hivyo mkao wa mikono uandikwe kwenye fomu ya ganzi wakati unaonekana.

Dalili: presha inaanguka kila anapoinuliwa

Mgonjwa wa kifua hupumua vizuri zaidi kichwa kikiinuliwa nyuzi 30 hadi 45, na epidurali ya kifua, inayozuia neva za simpathetiki za pande zote mbili, huifanya damu ikae miguuni anapoinuliwa. Ainuliwe kwa hatua, presha ikipimwa kila hatua. Chupa ya bomba itazamwe kabla ya epidurali kulaumiwa, maana damu inayovuja hutoa sura hiyo hiyo. Paravetebrali ya upande mmoja huleta tatizo hili kwa kiasi kidogo. Ikilileta kwa nguvu na ganzi ikaonekana pande zote mbili, dawa imeingia epidurali, hasa ikiwa sindano ilielekezwa katikati.

Miguu ikilegea kwa mgonjwa wa epidurali ya kifua, pampu isimamishwe hapo hapo. Ikiwa nguvu hairudi, picha ya MRI ya uti wa mgongo hutakiwa kwa dharura, kwa sababu damu iliyoganda ikikandamiza uti, saa ndizo zinazoamua kama atatembea tena. Kumgeuza na kusubiri asubuhi hakuruhusiwi.

Kurudia bloku wodini

Ikiamuliwa kurudia, hesabu ya dawa itangulie mkao. Mgonjwa wa kilo 50 aliyepewa mililita 20 za bupivakaini ya 0.5% tayari amepokea miligramu 100, yaani miligramu 2 kwa kila kilo, na hana nafasi ya kuongezewa kiasi kama hicho muda mfupi baadaye. Emulsheni ya mafuta ya 20%, inayotibu sumu ya dawa ya ganzi, iwepo karibu. Dozi ya kwanza ni mililita 1.5 kwa kilo, ambayo kwa mtu huyo ni mililita 75. Ganzi mdomoni, ladha ya chuma, masikio kuvuma au mshtuko wa ghafla wa mwili humaanisha sindano isimame.

Mgonjwa alazwe ubavu, upande wenye bomba ukiwa juu. Chupa ibaki chini ya usawa wa kifua na bomba lishikwe na msaidizi wakati wa kugeuza, si plasta peke yake. Erekta spina mara nyingi ndiyo inayofaa hapa, kwa kuwa sindano hulenga mfupa ulio mbali na pleura na mgonjwa halazimiki kukaa. Baada ya nusu saa akohoe akiwa ameinuliwa. Kwenye faili iandikwe pingili iliyohesabiwa na namna ilivyohesabiwa, mkao wa mgonjwa na wa mikono yake, dozi na saa, na kama kuna katheta, namba iliyosomwa ngozini baada ya kunyooka.